Namna ya kuchagua mashine ya msasa ya duara kwa kazi ya useremala

Meza ilikuwa ya mninga, ya watu sita. Niliipiga msasa kwa grenda iliyofungwa diski, nikamalizia kwa mkono, nikapaka vanishi jioni chini ya taa. Usiku ule ilipendeza. Asubuhi jua likaingia kwa upande kupitia mlango wa karakana, na juu ya meza nzima ikaonekana mikwaruzo ya nusu duara, mamia kwa mamia, kana kwamba mtu amefagia uwanja wa mchanga kwa fagio la chelewa. Nilikwangua vanishi yote nikaanza upya. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta mashine ya msasa ya duara, na haya ninayoandika ni yale ambayo ningefurahi kuambiwa na mtu kabla sijatoa pesa.

Kwenye boksi utakuta imeandikwa Random Orbit Sander au Random Orbital Sander. Yakumbuke maneno hayo, maana kwenye rafu zipo mashine nyingine tatu nne zinazofanana nayo. Chini ina sahani ya mpira ya duara. Sahani hiyo haikufungwa katikati ya shafti ya mota. Imekaa pembeni kidogo, juu ya beringi yake inayozunguka bila kulazimishwa. Mota ikizunguka, sahani inafanya mambo mawili kwa pamoja: inacheza kwa viduara vya milimita chache, na papo hapo inajizungukia taratibu kwa mwendo wake. Kwa hiyo chembe moja ya msasa hairudii njia iliyopita. Grenda ya kawaida inapeleka kila chembe kwenye duara lile lile, mara 11,000 kwa dakika, na ndiyo maana inachimba mifereji.

Neno msasa lenyewe lilitoka porini. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na wazee walisugulia mipini na miiko kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika. Nalitaja kwa sababu ndilo jambo ninalotaka uende nalo dukani: kinachokata ubao ni msasa, mashine inaupeleka tu. Mafundi wengi huanza na wati na bei ya mashine, kisha wanakuja kukwama kwenye diski. Nakushauri uanzie upande wa pili.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo mashine unayoihitaji

Mashine hii inafaa juu za meza, milango, mbao za vitanda, makabati, na kupitisha msasa mwepesi kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine. Hainyooshi ubao uliopinda. Ukiwa na mbao mbili zilizogundishwa na moja imepanda milimita mbili, chukua randa au mashine ya msasa ya mkanda kwanza. Ukiing'ang'ania kwa sahani ya duara utatoboa bonde pale pale unapotaka pawe sawa. Haifiki kwenye pembe za ndani za mlango wa paneli. Hapo ni mkono, au mashine ndogo ya sahani ya mraba. Kwenye nakshi usiipeleke kabisa, itakula kingo za mchoro.

Jihadhari na mashine ya kupolishia magari. Kwa mbali ni ndugu zao, ila sahani yake inacheza milimita 8 au zaidi na imetengenezwa kwa ajili ya sponji. Zipo pia za upepo, zile za wapaka rangi wa magari. Ni nyepesi na hazichoki, lakini zinakula hewa lita 300 na zaidi kwa dakika, na kampresa ndogo ya karakana ya samani haiwezi kuendana nazo: utafanya kazi dakika moja, utasubiri mbili.

Hatua ya 2: Tafuta diski kabla ya mashine

Nenda kwenye duka unalonunua msasa kila wiki, siyo duka la siku moja mjini. Muulize muuzaji ana diski gani za velkro, zile zinazonata kwenye sahani kwa vindoana vidogo, kipimo gani, matundu mangapi, na namba zipi. Sehemu nyingi jibu litakuwa milimita 125, yaani inchi 5, zenye matundu 8. Basi hiyo ndiyo mashine yako. Mashine za milimita 150 ni nzuri kwa kazi kubwa, lakini diski zake zina mipangilio ya matundu inayotofautiana sana kati ya kampuni na kampuni: nyingine 6, nyingine 9, nyingine 15. Diski ya matundu 6 kwenye sahani ya matundu 15 inaziba njia ya vumbi, na vumbi lililobaki chini ya diski linausugua ubao pamoja na msasa.

Angalia namba za msasa: namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa, ikipanda chembe ni laini. Mimi nahitaji kupata bila shida 80, 120, 180 na 240. Duka lenye 80 na 120 tu litakuacha na kazi nusu. Kisha ishike diski yenyewe. Ipinde taratibu uone kama chembe zinadondoka. Pitisha kucha juu yake. Diski mbovu huacha chembe kubwa moja moja zikibiringika chini ya sahani, na chembe moja ya namna hiyo inaweza kukuandikia viduara vya herufi e kuanzia pembe moja ya meza hadi nyingine. Kama unafanya sana paini, au unapiga msasa juu ya vanishi na sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi), tafuta diski zenye rangi ya kijivujivu au nyeupe. Weupe ule ni unga unaozuia gundi ya mti na rangi kuganda kwenye msasa. Zinagharimu zaidi kidogo lakini hazizibi mapema.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Mlango mmoja wa mninga kwangu hula diski nne au tano kutoka namba 80 hadi 180. Zidisha kwa milango ya mwezi, kisha zidisha kwa mwaka. Utaona kwamba tofauti ya bei kati ya mashine mbili ni ndogo ukiilinganisha na utakachotumia kwenye diski. Ndiyo sababu sipendi mashine yenye diski za umbo la peke yake, hata ikiwa rahisi namna gani.

Hatua ya 3: Soma kibati cha pembeni

Mambo matatu tu yatakusaidia: mchezo wa sahani, mwendo, na uzito.

Mchezo wa sahani ni upana wa kile kiduara kidogo nilichokieleza. Milimita 2 hadi 3 ni kwa kumalizia, milimita 5 ni kwa kukata haraka. Seremala mwenye mashine moja achukue ya milimita 2.5 au karibu na hapo. Itachelewa kidogo kwenye namba 80, lakini ukifika 180 ubao utakuwa safi. Festool wanauza mashine moja ya milimita 150 kwa namna mbili, ya mchezo wa 3 na ya mchezo wa 5, na wameandika tofauti hiyo kwenye jina lenyewe, ETS 150/3 na ETS 150/5. Kwenye mashine za bei ya kawaida kipimo hicho huwa kimefichwa ndani ya kitabu, na wakati mwingine hakipo. Kama hakipo, mwombe muuzaji akuache uitazame mwenyewe. Hatua ya 6 inaeleza vipi.

Kwenye mwendo kuna mtego uliowapata wengi. Makita BO5031 imeandikwa 4,000 hadi 12,000 kwa dakika. Bosch GEX 125-1 AE imeandikwa 7,500 hadi 12,000, na mstari mwingine chini yake unasema 15,000 hadi 24,000. Mtu anasoma 24,000 anadhani amepata mashine yenye kasi mara mbili. Siyo. Kila mzunguko mmoja wamehesabu kwenda na kurudi. Linganisha mizunguko kwa mizunguko. Kilicho muhimu zaidi ni kuwa na kirekebisho cha mwendo, kwa sababu msasa juu ya vanishi ukiwa kwenye kasi ya juu unapata joto, vanishi inalainika na kuganda kwenye diski kama nta.

Wati 250 hadi 300 zinatosha kwa milimita 125. Mashine hizo mbili nilizotaja ziko humo humo, na DeWalt DWE6423 ina 280. Uzito wa mashine za aina hii ni kilo moja na robo au zaidi kidogo. Ukikuta ya wati 600 yenye uzito huo huo na bei ya nusu, namba hiyo waliandika ili iuzwe.

Kwenye kitabu tafuta pia kipimo cha mtikisiko, kinaandikwa kwa mita kwa sekunde ya mraba. Sheria ya Ulaya inamtaka mwajiri achukue hatua mfanyakazi anapofikia 2.5 kwa wastani wa siku ya saa nane, na inakataza kupita 5. Anayepiga msasa dakika ishirini kwa siku hatalisikia hilo. Anayefanya oda ya madawati ya shule, asubuhi hadi jioni, atalala vidole vikiwa na ganzi. Nimekaa nayo ganzi hiyo. Chukua mashine yenye mtikisiko mdogo hata kama itakubidi uongeze pesa.

Hatua ya 4: Umeme

Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na mashine mpya za madukani zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Tatizo liko kwenye mitumba. Mashine ya Japani ni ya volti 100. Ya Marekani ni 120. Ya Uingereza ukiikuta na plagi ya njano yenye pini za duara, hiyo ni ya volti 110, ya kwenye maeneo ya ujenzi. Ukikata plagi ukaweka ya pini tatu za bapa ukachomeka ukutani, inaungua siku hiyo hiyo. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, na kwa mashine ya wati 300 chukua transfoma ya wati 500 au zaidi. Sasa umebeba mzigo mwingine wa chuma kila unapokwenda kazini kwa mteja. Jumlisha na bei yake.

Ya betri? Ukiwa na betri za volti 18 za kampuni moja tayari, na unafanya sana kazi za kufunga makabati majumbani mwa watu, nunua. Lakini fahamu kwamba msasa unakula betri kuliko drili. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Mashine ikivuta wati 180, hiyo ni nusu saa. Kwa karakana nachagua waya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi. Kirekebisho cha mwendo ni kidude cha elektroniki, na umeme unaporudi kwa kishindo hicho ndicho cha kwanza kuondoka.

Hatua ya 5: Vumbi, na hapa nakuomba usome taratibu

Watu wengi huuliza kuhusu vumbi mwishoni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, saratani ya ndani ya pua hasa. Hilo lilitangazwa tangu miaka ya 1990. Na bila kufika huko, kila aliyepasua mvule anajua kikohozi chake na mwasho wa shingoni. Mninga nao unachokonoa pua na kifua. Vumbi la randa ni maranda, yanaanguka chini. Vumbi la msasa namba 180 ni unga unaobaki hewani baada ya wewe kuzima mashine na kuvua barakoa.

Kwa hiyo angalia mdomo wa mashine wa kutolea vumbi. Je, ni wa duara na wa kawaida, mpira wa mashine ya kufyonza unaweza kuingia? Au una umbo la ajabu linalokubali kifuko chake tu? Kifuko kile cha kitambaa kinapunguza uchafu sakafuni, hakilindi mapafu. Mashine ya kufyonza vumbi, hata ya kawaida ya ndoo, inabadilisha kila kitu: hewa inabaki safi, na diski inadumu zaidi kwa sababu haizibi. Mimi nilikata mpira wa pikipiki nikaunga mdomo wa mashine na bomba la kufyonzea kwa vibano viwili vya chuma. Siyo pazuri kwa macho, ila panafyonza.

Hakikisha matundu ya diski yanakaa juu ya matundu ya sahani kila unapobadilisha. Ni sekunde tano. Fundi mwenye haraka anabandika tu, na nusu ya matundu yanazibwa.

Barakoa bado vaa. Za FFP2 au N95, zenye mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii unga ule. Na kama una mtoto wa kazi anayejifunza, mpe ya kwake, usimwachie ile iliyoisha.

Hatua ya 6: Dukani, mkononi

Usikubali kuonyeshwa boksi. Mwambie, "Kaka, naomba niiwashe." Muuzaji wa kweli atakutafutia soketi.

Kabla ya kuwasha, ishike juu kwa kiganja kimoja. Vidole vinazunguka kichwa bila kunyooshwa sana? Swichi unaifikia bila kubadilisha mkono? Zungusha sahani kwa kidole: izunguke laini, bila kukwaruza wala kulia. Itikise juu na chini. Kama inacheza kama jino bovu, beringi imekwisha au haikukazwa.

Sasa iwashe ukiwa umeiinua hewani. Sahani itaanza kuzunguka, kisha kwenye mashine nzuri itatulia kwenye mwendo wa wastani. Hiyo ni kazi ya breki, mara nyingi kijimpira cha duara kinachogusa sahani kwa juu. Kama sahani inazidi kupanda kasi hadi inavuma kama feni, breki haipo au imeisha. Mashine ya namna hiyo ukiishusha juu ya ubao inauma pale inapogusa kwanza, na alama hiyo utaisugua kwa robo saa. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na linachukua sekunde kumi.

Ili kuuona mchezo wa sahani, izime, weka nukta ya kalamu pembeni ya sahani, ishike sahani isijizungushe, kisha isogeze kwa mkono ifuate kiduara chake. Utaiona nukta ikienda na kurudi. Milimita mbili na nusu unaitambua kwa jicho.

Uliza mambo mawili ya mwisho: sahani ya akiba na kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Sahani inakwisha, vile vindoana vya velkro vinayeyuka ukikandamiza sana, na diski zinaanza kuruka. Kaboni zinakwisha pia, na kwenye baadhi ya mashine unazifikia kwa kufungua vifuniko viwili vya pembeni, kwenye nyingine lazima ufungue mwili mzima. Muuzaji akisema "sahani yake haipatikani", shukuru, rudisha mashine, toka. Akiwa nayo, nunua moja siku hiyo hiyo pamoja na jozi ya kaboni.

Sahani zina ugumu tofauti. Laini inafaa kwenye mgongo wa kiti na vitu vilivyoviringwa. Ngumu inafaa juu bapa. Ya kati ndiyo ya kuanzia. Kwenye paini sahani laini inakula sehemu nyororo za mbao na kuacha mistari migumu imesimama. Ukipitisha kiganja unasikia mawimbi.

Mashine bandia zipo nyingi. Jina la kampuni lililochapwa na kufutika kwa kidole chenye mate, kibati kisicho na namba ya mfululizo, uzito usiolingana na ulioandikwa: moja ya hizo inanitosha kuondoka.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza, kabla ya kazi ya mteja

Chukua kipande cha mninga au mkongo, futi mbili hivi, kilichotoka kwenye randa. Chora mistari ya penseli juu yake kama wavu. Weka namba 80, iweke mashine juu ya ubao kwanza, ndipo uwashe. Usikandamize. Uzito wa mashine na wa mkono uliolegea unatosha. Ukikandamiza, sahani inaacha kujizungukia na inabaki kutikisika pale pale, na hapo ndipo viduara vinapochimbwa. Tembeza pole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Vijana hawaamini polepole hiyo hadi waone matokeo. Penseli ikifutika yote, chora tena, nenda 120, halafu 180. Usiruke. Mikwaruzo ya 80 haitolewi na 180, inang'arishwa tu.

Kati ya namba na namba pangusa ubao wote kwa brashi, maana chembe iliyobaki ya 80 itafanya kazi yake chini ya 120. Baada ya 180 pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ukauke, nyuzi zitasimama, kisha malizia kwa 240 kwa mkono, kufuata nyuzi za mbao.

Halafu lowanisha kitambaa kwa tina (kile kimiminika cha kuzimulia rangi), pangusa, na upeleke ubao mlangoni jua likiwa chini, au zima taa za juu na umulike tochi kutoka pembeni, karibu sawa na ubao. Tazama kabla tina haijakauka. Ukiona viduara, bonyeza kidole juu ya kimoja, kumbuka kilikotokea, rudi namba moja nyuma, na ubadilishe diski kabla hujaendelea.